Nguzo Isiyotupiwa Mawe

Sajenti Octave aliichukia kesi hii kabla hajaweka mguu mlimani. Aliichukia tangu kwenye baraza la Bwana Mkubwa, mtawala Mbelgiji wa Kabambare, aliposimamishwa juani huku mtawala huyo na mgeni wake, mkuu wa kampuni ya dhahabu, wakila kuku kivulini. Bwana Mkubwa hakumuuliza swali hata moja. Alimwambia tu apande, atazame, ashuke. Mtu wa kunyongwa alikuwa amekwisha kupatikana, jina lake Faradji, na jaji wa Kasongo alikuwa anamngoja. Mkuu wa kampuni akakohoa, akajifuta mafuta kidevuni, akaongeza kwamba hapana haja ya sajenti kujichosha hadi nguzo ya tatu ya mpaka. Octave alipiga saluti. Mate yalimjaa kinywani kwa kinyaa, akayameza.

Sasa walikuwa wanne kwenye mgongo wa mlima. Mbele alitembea Jean-Marie, kapita aliyesimamia vibarua wa kampuni, akitafuna karanga na kutema maganda njiani bila kujali nani anakuja nyuma. Akafuata Octave. Nyuma yake polisi Assumani, mwenyeji wa Kabambare, mtu wa swala tano na maneno machache, naye alikuwa ameshika kamba. Mwisho wa kamba alikuwa Faradji mwenyewe, mikono imefungwa mbele, macho chini. Nzi wadogo wa jasho waliwaingia machoni na puani. Tope la usiku lilikuwa bado bichi, na kila hatua ilitoa sauti chafu.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Gaston, mpimaji wa kampuni, alitumwa kuzitafuta nguzo tatu za simenti ambazo wapimaji wa Kibelgiji walizisimika huku juu zamani za baba zao, ili mpaka wa kampuni ujulikane upya. Upande huu wa mstari dhahabu ni ya kampuni. Upande wa pili ni kijito cha Kabungulu, ambako wanavijiji hulima mpunga na kampuni haina ruhusa ya kuchimba. Gaston alipanda na Faradji, mchukuzi wake na ndugu wa ukoo wake. Faradji alirudi peke yake. Jean-Marie akatangaza kwamba Gaston ametoroka na chombo cha kupimia, amekwenda kukiuza Albertville. Watu waliamini, mpaka wiki mbili baadaye viatu vya Gaston vilipoonekana vinaning'inia nyumbani kwa Faradji. Hapo hadithi ya kutoroka ikafa, ikazaliwa ya kuua.

"Viatu alikupa lini?" Octave aliuliza bila kugeuka. Alikwisha kuuliza jana, na juzi.

"Kwenye nguzo ya pili, Sajenti. Vilikuwa vinamuuma. Akavua, akaniambia: shuka navyo kambini na muzigo, mi nitaenda ya tatu peke yangu."

"Mupimaji wa kampuni, miguu mitupu!" Jean-Marie alicheka, ganda la karanga limemganda mdomoni. "Unasikia, Sajenti? Uongo wa mutoto mudogo."

"Wewe siku ile ulikuwa wapi?"

"Kambini. Tumbo lilikuwa linanikata."

"Nani alikuona?"

"Mutu mwenye kuhara anatafuta mashahidi?"

Octave hakucheka. Alisomea misheni ya Kasongo, na mapadri walimfundisha kwamba kinyaa ni aina ya kiburi, mtu aungame. Alikuwa na mengi ya kuungama leo.

Nguzo ya kwanza waliikuta ndani ya matete, mbali na njia. Ilikuwa simenti iliyozeeka, urefu wa kufika kiunoni, na kichwani herufi na namba zilizochongwa. Juu yake palipakwa rangi nyekundu, bado inang'aa. Ndivyo Gaston alivyofanya kazi: akiipata nguzo anaisafisha kwa panga, anaipaka nyekundu, anakwenda zake. Octave aliigusa rangi, akaizunguka nguzo, akaitikisa kwa bega. Haikutikisika.

Nguzo ya pili ilikuwa kando ya njia ya watu waendao sokoni. Nayo ilipakwa nyekundu. Lakini hii ilikuwa imezungukwa na lundo la mawe na majani makavu, mengi hata nusu ya nguzo imezama. Assumani alipofika hapo aliokota kijiwe, akachuma na jani bichi, akavitupa pamoja juu ya lundo huku midomo ikicheza.

"Ni nini hicho?" Octave aliuliza.

"Kaburi la muzungu, Sajenti."

"Hii ni nguzo ya mpaka."

"Wanasema hivyo. Lakini iko na maandiko kama kule misheni kwenye makaburi yenu. Wazee wetu waliona wazungu wamechimba, wamesimamisha jiwe, wamevua kofia, wamekwenda. Sasa mutu akipita anamutupia marehemu jiwe na jani, asimufuate njiani. Wote tunatupa."

"Na mtu akiondoa jiwe?"

Assumani alimtazama kana kwamba ameulizwa kuhusu kula mbwa. "Hapana mutu anaondoa. Watoto wake watakufa."

Octave, mtu wa Kasongo, mwana wa misheni, alitabasamu kidogo na kuendelea. Wazungu wenyewe wangecheka kujua kwamba kwa miaka yote hiyo watu wamekuwa wakizika mpaka wao kwa heshima.

Kutoka hapo njia iliteremka kwenye shingo ya mlima, mahali pa upepo, penye lundo jingine la mawe. Lundo kubwa kuliko lile la nguzo ya pili, ila halikuwa na nguzo. Assumani alitaka kusimama atupe jiwe lake. Jean-Marie akawahimiza: mvua inakuja, nguzo ya tatu iko mbele, juu kule, twende. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa ameacha kutafuna.

Nguzo ya tatu ilisimama juu ya kilima kinachofuata, wazi kabisa, hatua chache kutoka njiani. Hapakuwa na rangi nyekundu.

"Unaona sasa?" Jean-Marie alipiga simenti kwa kofi. "Gaston hakufika huku. Aliuawa katikati ya ya pili na ya tatu. Na katikati aliyekuwa naye ni nani? Huyu." Akamnyooshea Faradji kidole. "Kesi imekwisha, Sajenti. Tushuke, tukale."

Octave aliizunguka nguzo mara moja, akairudia tena. Akaangalia chini. Nyasi ziliota hadi kwenye simenti yenyewe. Hakukuwa na jiwe hata moja. Hapakuwa na jani.

"Assumani. Njia hii watu wanaipita?"

"Kila soko, Sajenti."

"Basi mbona huyu marehemu hana mtu wa kumtupia?"

Assumani alikunja uso, akaitazama nguzo kama mtu anayekutana na mgeni nyumbani kwake. "Huyu simujui," alisema polepole. "Marehemu wa tatu iko kule chini. Kwenye shingo."

Chini yao, bondeni kati ya shingo na kilima, kijito cha Kabungulu kiling'aa kati ya mashamba ya mpunga. Octave alipima kwa jicho. Kama mpaka unapita kwenye shingo kule chini, kijito kiko nje. Kama unapita hapa juu, kijito chote ni cha kampuni. Jambo lilikuwa rahisi hivyo, na ovu hivyo. Nguzo inang'olewa, inabebwa mlimani, inasimikwa upya, na ramani inajisahihisha yenyewe. Aliweka bega kwenye simenti na kusukuma. Nguzo iliinama kidogo, kama jino bovu.

"Udongo wa mvua," alisema Jean-Marie.

"Ya kwanza ilinyeshewa mvua hiyohiyo," alijibu Octave. "Turudi chini."

Walipofika kwenye shingo walimkuta mwanamke amesimama mbele ya lundo, kikapu cha chumvi na samaki wakavu kichwani. Alikuwa anatoka sokoni. Aliokota jiwe, akachuma jani, akayashika kifuani akinong'ona, kisha akatupa. Alipogeuka na kuona kamba, uso ukambadilika.

"Shemeji," alimwambia Faradji.

Faradji aligeuza uso.

Huyu alikuwa Régina, mke wa Gaston. Octave alivua kofia, akamsalimu, akamuomba radhi kwa kumkuta katika hali hiyo. Akamuuliza alikuwa anamwambia nini marehemu.

"Baba Sajenti, mi ni Mukristu, usinisemee kwa Padri," alisema Régina. "Kila nikipita ninatupa jiwe, ninamuomba huyu mutu wa zamani anirudishie mume wangu. Wazungu walimutuma, muzungu amurudishe. Basi ni hiyo tu."

"Hapa palikuwa na nguzo?"

"Ilikuwa. Tulipotoka kuvuna hatukuiona tena. Lakini kaburi ni kaburi, hata msalaba ukianguka. Tunatupa tu."

Hilo ndilo kosa ambalo mkuu wa kampuni asingeweza kulikisia hata angeishi Kabambare miaka mia. Aliiba nguzo. Watu hawakuwahi kuijali nguzo. Waliendelea kulitupia lundo mawe, na lundo likabaki linaonyesha mpaka pale pale ulipokuwa.

Octave alichuchumaa. Alikwisha kuchoka, alinuka jasho lake mwenyewe, na bado kitu kilimkera macho. Lundo la nguzo ya pili lilikuwa na mawe meusi ya zamani chini, yenye kuvu, na mapya juu. Ndivyo inavyopasa, maana watu hutupia juu. Hapa, chini ya tabaka jembamba la majani na vijiwe vya majuzi, mawe yenye kuvu yalikuwa juu, tena mengine kuvu limetazama ardhini na upande mtupu umetazama mbingu. Mtu alikuwa amelifungua lundo hili na kulirudisha ovyo.

Alisimama. "Lifungueni."

Assumani alirudi nyuma hatua mbili. "Sajenti, nipeleke gerezani. Nivue mukanda, nipige fimbo. Sigusi."

"Faradji, nikikufungua mikono?"

Faradji alitikisa kichwa. Jasho lilimtoka.

"Unajua unakwenda kunyongwa?"

"Ninajua, Sajenti."

"Na pengine kilicho humu kinakuokoa. Hutaki?"

"Nina watoto," alisema Faradji.

Octave alimgeukia Jean-Marie ili amuamuru yeye. Kapita alikuwa amehama. Alikuwa amezunguka hadi upande unakotoka upepo, mbali na lundo, na alikwisha kufunga kitambaa puani na mdomoni, amekikaza vizuri kwa fundo kisogoni. Hakuna jiwe lililoondolewa bado. Hapakuwa na harufu yoyote ila ya majani mabichi na samaki wa Régina.

Octave alimtazama kwa muda. Alivua koti la sare, akalikunja, akampa Assumani, akaanza kuondoa mawe kwa mikono yake.

Majani yaliyooza yalitoka kwanza, yenye maji na funza. Kisha mawe, moja moja. Alipofika katikati harufu ilipanda kwa ghafla, nzito, tamu, ikamuingia kooni ikakaa. Alitapika pembeni, akafuta mdomo kwa mkono, akarudi kazini akitukana kwa Kifaransa maneno ambayo mapadri hawakumfundisha. Chini kulikuwa na shimo la pembe nne, kuta zake zina vipande vya simenti. Ndani ya shimo, amekunjwa kama nguo chafu, alikuwa Gaston. Fuvu lilikuwa limepasuka nyuma. Kopo la rangi nyekundu lilikuwa limepinduka kifuani pake.

Régina aliteremsha kikapu polepole, akakiweka chini, akakaa kando yake.

Octave alilazimisha macho yake yafanye kazi. Miguu ya maiti ilikuwa mitupu. Visigino vyote viwili vilikuwa vimefungwa vitambaa, vilivyochanwa kutoka kwenye shati lake mwenyewe, ndivyo afanyavyo mtu aliyechubuliwa na viatu.

"Alivua viatu akiwa hai," alisema. "Akafunga malengelenge yake. Faradji amesema kweli." Kisha akapaza sauti. "Jean-Marie, toa kitambaa."

"Harufu, Sajenti."

"Sasa iko. Ulipokifunga haikuwepo. Mimi nilikuwa nimechuchumaa juu yake na sikusikia kitu. Wewe ulijua itakuja."

Jean-Marie alitazama njia ya kushuka. Assumani, aliyeogopa mawe, hakuogopa watu. Alikuwa amekwisha kuiziba.

"Nguzo ni Bwana wa kampuni aliniamuru," alisema kapita, sauti imefifia nyuma ya kitambaa. "Mi na wachukuzi wawili wa mbali, wasiojua huku. Tuliing'oa, tukaisimika kule. Shimo nilikuja kulifukia siku nyingine. Ndio nikamukuta Gaston. Alikuwa ameliona shimo. Ananiambia, kapita, nguzo imetembea, nitaandika. Nikamuambia usiandike. Akainama kushika kopo lake."

"Akainama."

"Ndio."

"Ukampiga kutoka nyuma."

Kapita alisogea karibu, akashusha sauti, na Octave aliona kwa kinyaa kwamba yule mtu anajaribu kutabasamu. "Sikiliza, Sajenti. Bwana Mukubwa amekwisha sema ni nani. Hawa wawili, polisi wako na mwanamuke, watanyamaza, ni watu wa huku. Rudisha mawe. Mutu wako uko naye kwenye kamba. Kwa nini ujiletee shida na wazungu kwa ajili ya mushenzi?"

Octave alifikiria kidevu chenye mafuta kule barazani. Alijua vilevile kwamba hata akifikisha haya yote, mkuu wa kampuni ataulizwa kwa adabu, atakohoa, na ataendelea kula. Lakini huyu hapa alikuwa karibu. Alimpiga kofi moja, si la kazi ya polisi bali la hasira yake mwenyewe, akamgeuza, akachukua kamba kutoka kwa Faradji na kuifunga mikononi mwa Jean-Marie hadi kapita akalia kwa maumivu.

"Utambeba Gaston," alimwambia. "Wewe na mimi. Tutapita naye katikati ya soko la Kabambare mchana, mpaka pale barazani. Kila mtu atasikia anavyonuka. Baadaye waseme ni Faradji, kama wanaweza."

Akamgeukia Faradji. "Wewe uko huru. Nenda nyumbani."

Faradji alisugua vifundo vya mikono. Alipaswa kufurahi, hata kidogo tu. Hakufurahi. Alikuwa anamtazama Régina, na Régina alikuwa amesimama.

"Shemeji," alisema mwanamke, "soko la kwanza baada ya Gaston kupotea, tulipita hapa pamoja. Ulinisaidia muzigo wangu. Mi nikatupa jiwe. Wewe hukutupa. Nikakuuliza, ukaniambia mukono unakuuma."

Faradji aliificha mikono yake nyuma.

"Ulijua?"

"Nilikuja kumutafuta asubuhi ya kesho yake," alisema Faradji, na kila neno lilitoka kwa shida. "Nikaona mawe yamegeuzwa. Nikaona nzi. Mama, ningesema nini? Wangesema, anajua maiti iko wapi kwa sababu yeye ameua. Nani angeniamini mi?"

"Na ukaniacha."

"Niliogopa."

"Ukaniacha nimutupie mawe mume wangu. Soko zote hizi. Ukiwa umesimama hapa hapa."

Octave alijua kwamba jibu la Faradji lilikuwa la kweli. Yeye mwenyewe, kama polisi, asingemuamini. Angemfunga siku hiyohiyo na kulala usingizi mzuri. Jambo hilo lilimchukiza kuliko maiti, na hakuwa na pa kulitapikia.

Régina aliinama kwenye mawe yaliyotapakaa. Alichagua moja, si dogo, akalitupa. Lilimpata Faradji kifuani. Faradji hakuinua mkono kujikinga, wala hakurudi nyuma. Mwanamke akainama akachukua la pili. Octave alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kumshika mkono, na hakumshika.